Mazoezi Yamekwisha, Ndege Bado

Juma hili natupa jicho kwenye siku chache ambazo watu hawazijali: siku za askari aliyekwisha maliza mazoezi katika nchi ya ugenini, naye hajapanda ndege kurudi kwao.

Tazameni Nanyuki, mji ulio chini ya Mlima Kenya. Hapo jeshi la Waingereza lina kambi ya mazoezi, na kila mwaka vikosi huletwa kutoka Uingereza kwa mapatano na serikali ya Kenya. Wakifika hupelekwa porini, kama Archers Post huko Samburu, au upande wa Dol Dol. Huko hukaa majuma kadhaa katika jua na vumbi. Mshahara unaingia, lakini hakuna pa kuutumia.

Kisha kazi inakwisha. Kikosi kina mamia ya watu, wala hawaondoki wote siku moja. Silaha zihesabiwe, magari yaoshwe, na kila kundi lingoje zamu yake ya kwenda Nairobi, mwendo wa kilometa 200 hivi. Katikati ya hayo hupewa ruhusa ya kupumzika. Basi, mfikirieni kijana wa miaka 19 au 20: amechoka, ana fedha mfukoni, hana shangazi wala mjomba wa kumwona katika mji ule, na juma lijalo hatakuwapo. Juu ya mabomu yanayoachwa porini wengi wamekwisha sema, na wamesema kweli. Mimi naliogopa juma hili la mwisho.

Wakubwa wenye akili hulipanga mapema. Askari wengi hupelekwa kuupanda Mlima Kenya mpaka kilele cha Lenana, meta 4,985. Aliyefika huko na kushuka, jioni hutafuta kitanda, hatafuti baa!

Lakini si wote waliopangiwa hivyo. Mwaka 2012 mama mmoja wa miaka 21 alitoka usiku na rafiki zake kwenda hoteli ya Nanyuki ambako askari walikuwa wakistarehe. Nyumbani aliacha mtoto wa miezi mitano. Maiti yake ilionekana baada ya miezi miwili na zaidi katika shimo la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019 hakimu wa Kenya aliamua kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata mtu mmoja aliyekuwa askari. Yeye mwenyewe amekana.

Wako wanaouliza, alifuata nini baa? Mimi nauliza, ni nani aliyekuwa akiwahesabu askari usiku ule?

Mwaka 2022 serikali ya Uingereza iliwakataza askari wake walio ng'ambo kulala na wanawake kwa fedha. Uchunguzi wa jeshi lenyewe uliotolewa mwaka 2025 ulikiri kwamba jambo hilo bado linafanyika Kenya. Tena wako watoto waliotafuta baba zao kwa kupimwa vinasaba na kupeleka kesi mahakama za Uingereza. Sisi makarani wa parokia twajua vema mstari wa jina la baba unapobaki mtupu, na jinsi mama anavyotazama chini unapomwuliza.

Sisemi wageni wafungiwe kambini. Mwenye hoteli na mwenye teksi wanazihitaji fedha zile, wala si aibu kuzipata kwa haki. Lakini ratiba ya mapumziko na iandikwe kama ratiba ya mazoezi ilivyoandikwa: nani anatoka, anakwenda wapi, anarudi saa ngapi, na mkubwa gani anamngoja langoni. Siku za kungoja ndege zipunguzwe kadiri iwezekanavyo. Na wenye hoteli wajue mlango wa kamanda ni upi, ili kama saa saba ya usiku kuna ugomvi, wapate wa kumwamsha.