Mwenye Ulemavu ni Mtu, si Gari

Haya wasomaji wangu, leo mniwie radhi. Nilikuwa nimewaahidi makala kuhusu kuhifadhi nakala za data, lakini kuna jambo limenikaa kooni. Msiondoke, maana mwisho wake ni suala la hifadhidata, na wenzangu wanaoandika programu linawahusu zaidi.

Mama yangu alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita na upande wake wa kushoto ukalegea. Namshukuru Mungu anazungumza, anacheka, na bado anatupangia maisha kama zamani. Ila kutembea ni kazi: hatua hamsini kwa mkongojo, basi, nguvu zimekwisha. Tunaishi Uthiru, na kila Alhamisi ana miadi ya mazoezi ya viungo katikati ya jiji. Matatu hawezi. Kidato cha kwanza kiko juu na makanga hana subira ya mtu anayepanda kwa dakika tatu. Kwa hiyo nampeleka mimi, tunapita Kangemi na Westlands kwa barabara ya Waiyaki Way mpaka mjini.

Safari yenyewe si taabu. Taabu huanza tukifika. Nairobi nafasi ya kuegesha huipati unapoitaka, unaipata ilipo. Ikipatikana mitaa miwili kutoka kliniki, hatua hamsini za Mama zinaisha kabla hatujafika kona ya kwanza. Ndiyo maana tukaomba kibali cha maegesho ya watu wenye ulemavu.

Tulijaza fomu mtandaoni. Kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu tukaiambatisha, ripoti ya daktari tukaiambatisha, na logbuku ya gari pia. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe: "Ombi lako limekataliwa. Asante."

Basi. Hakuna sababu, hakuna jina la aliyekataa, hakuna la kufanya baadaye. Jamani, hata ukurasa uliopotea mtandaoni hukupa nambari 404 ujue ni nini kimetokea! Mama aliniuliza, "Kwani wanasema mimi ni mzima?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Sina ugomvi na makarani wake, na fomu za namna hii nimeziona sehemu nyingi mno hata siwezi kuamini ni kosa la mtu mmoja. Nikafanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hufanya programu ikigoma: nikarudi kwenye fomu na kuanza kukisia. Jina? Sawa. Kitambulisho? Sawa. Picha ya kadi? Inasomeka. Mwisho nikaiona. Logbuku ina jina langu, na mwombaji ni Mama. Mama hana gari. Hajawahi kuendesha gari maishani mwake.

Hapo ndipo nilipocheka, kicheko cha uchungu. Nilijua jedwali la mfumo ule limeumbwaje kana kwamba nimelifungua mwenyewe. Kwa wasio wa fani: kwa kawaida jedwali la hifadhidata lina safu inayotambulisha kila rekodi, tuiite ufunguo mkuu. Aliyeunda mfumo huu alichukua nambari ya gari kuwa ufunguo mkuu, na mtu akawa maelezo tu ya gari. Kwake yeye, swali ni "Je, gari hili lina mwenye ulemavu?" Swali sahihi ni "Je, mtu huyu ana haki, na leo amepanda gari gani?"

Mtasema ni jambo dogo la kiufundi. Si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takribani watu 900,000 wenye ulemavu nchini mwetu, yaani asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka mitano na zaidi, na ugumu wa kutembea ndio ulioongoza. Wangapi kati yao wana gari kwa jina lao? Mtoto hana, na nyanya wa Kawangware anayepelekwa hospitali na jirani hana. Mfumo unaoanza na logbuku umewafungia nje kabla haujawauliza miguu yao ikoje.

Sheria zetu haziko hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Ni mtu, si mwenye gari. Kifungu cha 260 kinaeleza ulemavu kwa upana, hata ugonjwa unaoathiri shughuli za kila siku kwa muda mrefu umo ndani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imekwisha kuondoka na ile ya 2025 imeshika nafasi yake. Sheria zinabadilika, lakini fomu zinabaki zilivyokuwa.

Wenzetu Uingereza walilitatua hili zamani. Beji yao ya buluu hupewa mtu. Akipanda gari la mwanawe, la rafiki au teksi, beji inaenda naye. Na tangu Agosti 2019, kule England, hata wenye ulemavu usioonekana kwa macho wanaweza kuiomba.

Najua mtakaloniuliza: je, si watu wazima wa afya watazichukua beji za wazee wao na kuegesha bure bila haya? Hoja hii naiheshimu, maana Nairobi tunajuana. Lakini kufunga kibali kwenye gari hakuzuii wizi huo. Kwa kibali cha gari langu naweza kuja mjini peke yangu Jumatatu, Mama akiwa nyumbani Uthiru, na hakuna atakayejua, kwani gari lina kibali! Beji ya mtu, yenye picha yake na sharti kwamba awepo safarini, ndiyo inayomkamata mdanganyifu. Huko Uingereza anayeitumia vibaya anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000.

Na kama tunataka ukaguzi wa kisasa, si vigumu. Askari wa maegesho apige picha msimbo ulio kwenye beji, simu imwonyeshe mambo mawili: sura ya mwenye beji na tarehe ya mwisho. Asionyeshwe ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na mtu wa barabarani hana haja ya kujua kwamba Mama alipata kiharusi.

Sasa kwa wewe uliyekataliwa kama sisi. Kabla ya kujaza fomu upya, andika barua moja fupi uombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo pale uamuzi wa kiutawala unapogusa haki yako, na sheria ya 2015 inayokitekeleza inataka ujibiwe ndani ya miezi mitatu. Wasipokujibu na jambo likafika mahakamani, uamuzi wao huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, isipokuwa wathibitishe vinginevyo. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukizungushwa, Ofisi ya Ombudsman hupokea malalamiko bila malipo.

Sisi tuliandika. Baada ya siku kumi na mbili likaja jibu la mistari mitatu: gari si la mwombaji. Kumbe sababu walikuwa nayo siku zote! Ilikuwa imeandikwa mahali, ila hakuna aliyeweka nafasi ya kuituma. Tukaapa kiapo mbele ya wakili kwamba mimi ndiye ninayemwendesha, tukaomba tena, na kibali kikatoka. Cha gari langu.

Mama alifurahi, akaniombea baraka. Nami nikanyamaza nisimharibie furaha. Lakini Alhamisi iliyopita gari langu lilikuwa gereji, dada akampeleka kwa lake. Wakaegesha mitaa miwili kutoka kliniki. Mama alipumzika mara tatu njiani, mara ya mwisho juu ya kreti ya soda aliyopewa na mwenye kibanda.

Kwa mujibu wa hifadhidata, siku ile Mama hakuwa na ulemavu wowote.

Wenzangu, siku ukipewa kazi ya kuunda mfumo wa namna hii, mteja atakuambia uanze na nambari ya gari. Mwambie hapana, anza na mtu. Na ukiweka kitufe cha "Kataa", hakikisha hakibonyezeki mpaka sababu iandikwe. Ni mistari michache tu ya programu, haimalizi hata kikombe chako cha chai.