Cha Kichwani Hakiazimwi
Juzi hapa Mazimbu, kibandani jirani na Kampasi ya Solomon Mahlangu, mwanafunzi alikuwa amevuruga mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake. Anaandika ls ili aone mafaili, anajibiwa amri haipo. Hakuhamaki, akaandika echo na kinyota, majina ya mafaili yakamiminika. Kumbe ls ni programu inayofuatwa kwenye diski, ila echo, pamoja na cd ya kuhamia folda nyingine, zimo ndani ya sheli yenyewe, yaani ile programu inayopokea amri. Nikamkumbuka bibi yangu wa Uluguru: kiberiti kikiisha hatumi mtoto dukani, anafukua kaa la moto jivuni. Cha kichwani hakiazimwi. Sisi hata namba ya mama tumeiachia simu. Chaji ikikata, tu mayatima. Tunajiita wajuzi, kumbe tunajua njia za kwenda kuazima tu.