Uluguru iwafungulie njia wapanda baiskeli

Tangu Juni 2024, treni ya reli ya kisasa (SGR) imeifanya Morogoro kuwa jirani wa Dar es Salaam. Mgeni akishuka, Milima ya Uluguru imemkabili. Mpanda baiskeli anaweza kupita Mgeta hadi Bunduki, penye mwanya unaotenganisha Uluguru Kaskazini na Kusini. Barabara ya vumbi hupita kando ya matuta ya kabichi na karoti. Masika yakiingia, hugeuka tope na utelezi.

Tunazisihi mamlaka zichimbe mifereji, ziweke vibao kwenye njiapanda na kuwafunza vijana wa vijijini kuongoza wageni. Misitu ya milima hii huulisha Mto Ruvu, tegemeo la maji la Dar es Salaam. Wanaoitunza wanastahili kipato kitokanacho na uzuri wake.