Wakulima wa kando ya barabara wasiwaache watalii wa mahema wapite

Kila mwaka, mvua za masika zinapokwisha, magari ya watalii yenye mahema juu ya paa huanza kuonekana kwa wingi katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Mengine yanatoka Nairobi na Arusha, mengine yanapanda kutoka Zambia na Malawi. Hawa ni watalii wanaojiendesha, wanaojipikia na wanaolala ndani ya magari yao.

Njia yenyewe ina mengi ya kuwasimamisha. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha inafuata bonde la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu kabla ya kupanda Mlima Kitonga. Karibu na mji wa Iringa ipo Isimila, yenye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Mbeya kuna Ziwa Ngozi, na mbele yake Kimondo cha Mbozi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mtalii anayetembea taratibu lazima alale njiani.

Swali ni je, analala kwa nani na ananunua chakula wapi?

Katika njia hiyo hiyo wapo wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni na wa nyanya wa Ilula. Kilio chao ni kile kile: lumbesa, matenga yasiyo na kipimo na bei inayopangwa na mchuuzi mwenye lori. Wakati huo huo mtalii anapita mbele ya shamba akitafuta kilo moja ya nyanya, mayai, kuni na mahali salama pa kuegesha gari.

Mfano wa kuigwa upo Kisolanza, mkoani Iringa, ambako shamba lililo kando ya barabara kuu limekuwa likipokea wapiga kambi kwa miaka mingi na kuwauzia mazao yake.

Hata hivyo, mkulima asikimbilie benki kuomba mkopo wa kujenga vibanda. Apige hesabu kwanza. Tuseme anapata magari mawili kwa wiki, kila moja likiwa na watu wawili, na kila mtu analipa Sh20,000. Hiyo ni Sh80,000 kwa wiki. Kwa wiki 20 za kiangazi atapata Sh1,600,000. Akitoa mshahara wa mlinzi, maji, kuni na usafi, kinachobaki ni kidogo, na masika yakirudi wageni hupungua sana.

Maana yake ni kwamba kambi peke yake haimtajirishi mtu. Faida iko kwenye mboga, mayai, asali, matunda na mkate vinavyouzwa kwa kipimo halali na kwa fedha taslimu, bila dalali. Kambi ni mlango wa soko, si soko lenyewe.

Mahitaji ya kuanzia si makubwa: eneo tambarare lenye kivuli, mbali kidogo na kelele za malori na nje ya hifadhi ya barabara, choo safi, bafu la maji ya moto, mlinzi na kibao kinachosomeka. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka biashara za utalii ziwe na leseni, hivyo ni vyema kufika kwanza katika ofisi ya biashara ya halmashauri.

Asiye na eneo naye asikate tamaa. Wakulima watano wanaweza kukubaliana na mwenye kambi awe mnunuzi wao wa kila wiki, kila mmoja akileta zao lake.

Haba na haba hujaza kibaba. Ila kibaba hicho kiwe cha mkulima mwenyewe, si lumbesa ya mchuuzi.