Kisu Kikali Hakitaki Mfupa

Mama mwenzangu! Leo tuzungumze juu ya kisu. Baba naye asiondoke, maana huenda yeye ndiye atakayetoa fedha.

Mwanangu, aliye baharia, aliniletea kisu cha Kijapani. Jioni ile ile nikakipasulia mfupa wa mbuzi. Kukitazama, makali yana mapengo mawili, kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno. Mwanangu hakusema neno, lakini uso wake niliuona.

Kumbe visu hivi havifanani na vyetu vya sokoni. Katika mji wa Sakai, karibu na Osaka, wahunzi wamevifua kwa karne nyingi, na kazi hugawanywa: mmoja hufua, mwingine hunoa, wa tatu hutia mpini. Chuma chake kwa kawaida ni kigumu kuliko cha visu vya Ulaya, na bapa ni jembamba. Kwa hiyo ukali hudumu siku nyingi. Lakini chuma kigumu namna hiyo hakipindi, humeguka.

Ukitaka kununua, achana na sanduku la visu saba. Kimoja kinatosha: kile kiitwacho santoku, chenye bapa la sentimeta 16 hadi 18. Hukata mboga, samaki na nyama isiyo na mfupa. Kishike kwanza, kikikulemea, kirudishe. Kisha uliza habari ya kutu. Kuna chuma kinachonoleka vizuri mno, lakini ukikiacha kidogo tu na maji ya ndimu, hubadilika rangi. Kama nyumbani kwako kila mtoto hunyakua kisu, chagua kile kisichoshika kutu upesi.

Nazi na mifupa ni kazi ya panga. Katia juu ya ubao, si juu ya sahani. Ukisukumia vitunguu sufuriani, tumia mgongo wa kisu, si makali. Ukimaliza, kioshe, kifute kikauke, kiweke peke yake. Usikitumbukize katika karai la vyombo. Atakayetia mkono humo ni binti yako.

Na kunoa je? Usimpe mnoaji wa gurudumu kavu: chuma hupata moto, na ugumu wake hupotea. Tafuta jiwe la namba 1000, la kunolea kwa maji. Kama ni la kulowekwa, liloweke hata viputo viishe. Laza kisu, mgongo ukiinuka kadiri ya upana wa kidole cha mwisho, ukisugue polepole toka kitakoni hata nchani. Ukihisi ukwaru mwembamba upande wa pili, geuza. (Vile vilivyochongwa upande mmoja tu hunolewa kwa namna nyingine, usivijaribie hapa.)

Changu nilikinoa jioni tatu hata mapengo yakaisha. Bapa limepungua kidogo. Mbuzi sasa nampasua kwa shoka.