Chuma Ghali Kuliko Dhahabu

Karibu na stendi ya Babati kuna fundi saa ninayepiga naye soga. Juzi kijana kamletea Royal Oak feki, betri imekufa. Fundi akaigeuzageuza, akacheka: "Mwalimu, hizi skrubu nane ni urembo tu, hazishiki kitu." Waliokuwepo wakadakia: hata mwenye ile orijino kaibiwa, chuma ni chuma bwana!

Hapo mimi nakataa.

Audemars Piguet ya Uswisi ilipoitoa saa hiyo mwaka 1972, saa ya tajiri ilikuwa ya dhahabu. Mbunifu wake, Gérald Genta, hakukionea chuma aibu. Alikizungushia kioo fremu ya pembe nane, akaziacha skrubu nje zionekane. Mkanda ukawa kama umeota kutoka kwenye saa yenyewe, pingili zikipungua upana kadiri zinavyoshuka. Kingo zikang'arishwa kama kioo, bapa zikaachiwa mistari myembamba. Bei: faranga 3,300, kuliko saa nyingi za dhahabu za wakati ule. Mnunuzi hakulipia chuma. Alilipia jicho na mkono wa mtu.

Sasa tujitazame. Mkoa huu huu wa Manyara una Mererani, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti. Hata jina hilo lilitoka kwa Tiffany, wauza vito wa New York, mwaka 1968. Waswisi walichukua chuma kilichojaa kila karakana wakakifanya kitamaniwe. Sisi tuna jiwe lisilopatikana kwingine, na kwa miaka mingi tumeliacha likakatwe Jaipur, India. Mwaka 2018 tulizungushia machimbo ukuta. Vyema, wizi uzuiwe. Lakini ukuta hauwezi kumfundisha mtu kubuni pete.

Wapo watakaosema nasifia anasa, wakati fedha ya saa moja ingeezeka madarasa. Kweli, na mimi siitaki hata kwa mkopo. Ninachokitaka ni ule ujuzi, maana huo ndio unaolipwa.

Na ujuzi huo tunauzima wenyewe. Mwaka jana nilimnyang'anya mwanafunzi daftari kwa sababu alichora mikufu na pete wakati wa hesabu. Michoro ilikuwa mizuri, niliiona. Daftari bado liko kabatini kwangu. Halafu nasimama stendi namcheka kijana mwenye saa feki!