Onyo Lisilosomeka Halimlindi Mtu

Umezuka mtindo mbaya miongoni mwa baadhi ya wataalamu wetu wa kompyuta, nao ni mtindo wa kumlaumu aliyeibiwa. Mwalimu akitapeliwa kwa simu, huitwa mzembe. Mchimbaji mdogo akikombwa fedha za dhahabu yake, huitwa mjinga. Mstaafu akiaminishwa kwamba mafao yake hayatatoka mpaka ataje namba yake ya siri, huitwa mshamba. Kisha wataalamu hao hutuonyesha miongozo ya usalama wa taarifa waliyoitoa vyuoni na maofisini, kana kwamba kuandika onyo ni sawa na kuonya.

Si sawa hata kidogo. Onyo lisilosomeka halimlindi mtu, na aliyeliandika hawezi kukwepa lawama kwa kumsingizia msomaji.

Tuchukue mikoa ya Shinyanga na Geita. Hii ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko huko Kahama. Mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Na Machi 2019 lilifunguliwa mjini Geita soko la madini. Penye dhahabu pana fedha, na siku hizi fedha haitembei mfukoni tu, inatembea pia kwenye simu. Tapeli analijua hilo vizuri. Hutuma ujumbe wa mstari mmoja kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, basi. Ni Kiswahili safi, maneno machache, agizo moja. Anayeupokea akiwa ndiyo kwanza amepatana na mtu kumlipa, hana cha kumshtua.

Sasa tuutazame mwongozo wa mtaalamu. Mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza. Huanza na maana za istilahi, ukaendelea na majukumu ya kamati, ukaorodhesha vifungu, na namba ya kupiga mtu akiibiwa imefichwa mwishoni, kama ipo. Ni aibu kwamba katika vita hii mwizi anamfahamu msomaji wake kuliko mlinzi anavyomfahamu.

Tena miongozo hiyo haigusi maisha tunayoishi. Mwalimu wa kijijini aliyebanwa na ada ya mwanawe hukopa kwa wale wakopeshaji wa "kausha damu", na mkopeshaji hushika kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, eti dhamana. Mwalimu huyu anajua kabisa kuwa namba ya siri haitolewi. Hakuitoa kwa ujinga, aliitoa kwa shida. Wapo watumishi ambao, kwa kukosa kompyuta na mtandao, humwachia kijana wa steshenari nywila zao ili awajazie tathmini ya kazi katika mfumo wa PEPMIS. Wapo wazee wanaompa wakala simu na namba ya siri kwa sababu maandishi hayaonekani machoni mwao. Watu wote hawa wakiambiwa tu "usimpe mtu namba yako ya siri", wamesaidiwa nini? Wanahitaji kuelezwa namna ya kubadilisha namba hiyo leo hii, mahali pa kwenda kushtaki, na jinsi ya kusaidiwa bila kumkabidhi mtu ufunguo wa mshahara.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Lakini mahakama humshughulikia mwizi baada ya wizi. Mwongozo mzuri humkinga mtu kabla hajaibiwa.

Watakuja wenye kasumba watuambie kwamba mambo ya kompyuta hayaelezeki kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha inayotosha kumhukumu mtu kifungo itashindwaje kumwambia asibonyeze kiungo asichokijua? Wengine watadai kwamba kurahisisha ni kupotosha. Mbona mganga wa zahanati humwandikia mgonjwa vidonge viwili kutwa mara tatu, bila kumfundisha kemia, na mgonjwa akapona?

Nchi hii inao mfano wake. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Vijitabu vilikuwa kwa Kiswahili chepesi, kila juma lilikuwa na somo lake, na watu walijadiliana kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyewaita wajinga kwanza.

Hatuna budi basi kudai mambo manne. Kwanza, kila mwongozo uandikwe kwa Kiswahili, nao uanze na la kufanya, si na istilahi. Pili, mahali pa msaada pawekwe juu kabisa: namba 15040 ya kuripoti utapeli wa simu, na *106# ya kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tatu, aliyekwisha kuibiwa aelezwe hatua za saa ya kwanza bila kusimangwa, maana anayeona aibu hunyamaza, na ukimya ndio ngao ya tapeli. Nne, mwongozo ujaribiwe kabla ya kutolewa. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina taasisi yake pale Kizumbi, Shinyanga. Walimu na makarani hawako mbali nayo. Apewe mwalimu wa Nyarugusu na karani wa Kahama, wausome mbele ya mwandishi naye akae kimya. Wakikwama, mwandishi ndiye aliyefeli mtihani, aurudie.

Nanyi walimu na watumishi, mkiletewa waraka wa usalama msioweza kuuelewa, msiusaini na kuuweka kwenye jalada. Urudisheni ulikotoka, mwulize swali moja tu: nikipigiwa simu na tapeli leo saa nane mchana, waraka huu unaniambia nifanye nini?